Programu ya Shemeji

Kwa miaka mingi, ukitaka kujua kama njiwa wako ameshinda mbio, ilikubidi uende jikoni kwa Horácio Furtado. Klabu ya njiwa ya mtaa wa Columbia, pale Fall River, ilikuwa na jengo lake, meza zake, hata baa yake ndogo, lakini matokeo yalitoka kwenye laptop ya Horácio, na laptop ya Horácio haikutoka jikoni kwake. Jumapili za mbio wanaume walipanga foleni huko, saa zao za kielektroniki kwapani, viatu wameviacha mlangoni kwa amri ya mke wake. Horácio alikaa mwisho wa meza kama kadhi, akizichomeka saa zile kwa zamu aliyoitaka mwenyewe.

Programu aliiandika yeye, na hilo hata adui zake walimkubalia. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha nguo, akajifunza kuandika programu kwa vitabu vya kuazima, kwa ajili ya Windows ya wakati ule. Kazi yake ilikuwa hesabu. Njiwa wote hufunguliwa mahali pamoja, mbali, lakini kila mmoja hurudi kwao, na makwao hayalingani umbali. Kwa hiyo anayefika kwanza si lazima awe mshindi; mshindi ni mwenye mwendo mkubwa. Pete ya mguuni inagusa mkeka wa banda, saa inaandika, programu inagawa umbali kwa muda, basi. Hesabu ya darasa la sita, Deolinda alikuwa akisema. Lakini alisema hivyo akiwa mbali na Horácio, na mara nyingine akiwa karibu naye.

Deolinda alikuwa shemeji yake, au aliwahi kuwa. Mumewe Norberto, mdogo wake Horácio, alihamia Florida na mwanamke mwingine, akaacha nyuma ya nyumba banda zima la njiwa. Wiki hiyo hiyo Horácio alifika na matenga ya kuwabebea. Alimkuta Deolinda amesimama mlangoni mwa banda na reki mkononi.

"Hawa ni ndege wa familia," Horácio akasema.

"Familia imehamia Florida. Ifuate huko."

"Shemeji, wewe huwajui njiwa."

"Nawajua kuliko ninavyomjua ndugu yako, inaonekana. Toka kwangu."

Akatoka na matenga yake matupu, na tangu siku hiyo hawakusalimiana. Deolinda aliomba uanachama wa klabu, mwanamke peke yake kati ya wanaume wale. Horácio akapinga, akashindwa. Kisasi chake kikawa foleni. Hata Deolinda afike wa kwanza, saa yake ilichomekwa ya mwisho. "Subiri kidogo, shemeji. Hawa wenzako kesho wana kazi." Naye kazi alikuwa nayo. Alisimamia kompyuta ya kukatia vitambaa kwenye kiwanda cha mapazia, na alikuwa anaamka kabla ya wengi wao.

Tuseme ukweli, hakuwa mtu mwepesi kupendwa. Alikuwa na ulimi wa wembe na kumbukumbu ndefu. Majirani walioazima kitu kwake walikirudisha haraka, si kwa adabu bali kwa woga.

Siku moja mwenyekiti wa klabu, Lucindo Arruda, mwenye duka la mikate, aliileta klabuni kompyuta kuukuu aliyokuwa ameistaafisha ofisini kwake. Windows iliyokuwamo ilikuwa ya zamani hata haikupata tena masasisho, na Windows mpya mashine ile isingeibeba. Deolinda akaichukua, akaifuta, akaweka Linux, mfumo endeshi usiouzwa. Mashine ikaamka kama mgonjwa aliyepata supu. Kisha akatoa kabatini diski ambayo Horácio aliwahi kuikabidhi klabu, akaiweka programu ya matokeo, akabofya. Hakikutokea kitu.

Alilijua hilo tangu mwanzo. Programu haifanyi kazi peke yake; kila mara inaomba: nifungulie dirisha, nisomee faili, nipe saa ya sasa. Ile ya Horácio ilijua kuomba kwa Kiwindows tu, na Linux haikuelewa neno. Lakini wako watu walioandika programu ya ukalimani na kuitoa bure. Inakaa katikati, inasikia ombi kwa lugha moja na kulipeleka kwa lugha nyingine, kisha inarudisha jibu, na programu iliyoomba haijui kwamba iko ugenini.

Mkalimani huyo alimtesa. Mwanzoni dirisha lilifunguka likiwa na visanduku vitupu mahali pa herufi. Alipopata herufi, saa za njiwa hazikusikika, kwa sababu tundu la kuchomekea saa, programu ililiita jina moja na Linux ikaliita jingine. Aliuliza kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wa kazi hizo, na mmoja akamjibu: "Soma maelekezo kabla hujasumbua watu." Deolinda akamwandikia kwamba ameyasoma, kwamba yameandikwa na mtu asiyejua kuandika, na kama ni yeye basi pole yake. Mwingine, labda kwa kuona mwenzake amepata wa kufanana naye, akamweleza namna ya kulitambulisha tundu.

Jumapili iliyofuata alichomeka saa ya Lucindo mbele ya watu. Skrini ikajaa namba.

"Kwa hiyo tunaweza kusomea hapa hapa?" Lucindo akauliza.

"Na viatu vyako miguuni."

Wanaume wakacheka, na kicheko hicho kilifika jikoni kwa Horácio kabla ya jua kuzama. Akapiga simu.

"Nani kakuruhusu kugusa kazi yangu?"

"Diski uliipa klabu. Mimi ni mwanachama wa klabu, ingawa ulinyoosha mkono kunikataa."

"Niliiandika kwa Windows. Sikuiandika kwa takataka unazookota."

"Basi zimeelimika takataka zangu. Zinaielewa."

Akakata simu. Majira yale ya baridi hakutia mguu klabuni, na Deolinda alijua kwamba hajalala. Masika yalipoingia Horácio alitokea na flashi, akaiweka juu ya baa mbele ya Lucindo. Toleo jipya, alisema. Lina namba za pete za muundo mpya, ambazo la zamani haliwezi kuzisoma. Na umbali wa kila banda ameupima upya kwa setilaiti, hadi sehemu ndogo za maili, si maili kamili kama zamani. Kazi nzuri, na ya kujitolea. Lucindo akamshukuru, akampa flashi Deolinda.

Akaiweka watu wakitazama. Pakatokea kisanduku katikati ya skrini: *Programu hii haifanyi kazi kwenye kompyuta ya mwizi.*

Horácio alikuwa baa, amewapa mgongo. Hakugeuka. Alisikika tu akimwambia mhudumu amwongezee kahawa.

Deolinda akakasirika. Si kwa sababu ya neno lenyewe. Ameitwa mabaya kuliko hayo. Ni kwamba mtu mzima alikaa majira yote ya baridi akiandika tusi la mtu mmoja, akaliweka mahali ambapo atalisoma mbele ya kadamnasi. Alizima mashine, akavaa koti, akaondoka bila kuaga.

Ilimchukua wiki kadhaa kuelewa jinsi alivyotegwa. Programu, kabla ya kufunguka, ilipekua kompyuta ikitafuta alama za mkalimani, ikiziona, inagoma. Akazificha alama moja baada ya nyingine mpaka ikafunguka. Horácio akapata habari, akatoa toleo jingine lenye upekuzi zaidi, akisema amerekebisha makosa madogo. Jumapili zile foleni ikarudi jikoni, na viatu mlangoni. Wakikutana dukani kwa Lucindo, Horácio humwambia Lucindo, kwa sauti ya kutosha, "Nipe mkate mtamu mmoja. Na huyu bibi nyuma yangu ataomba wa Windows ale kwa Linux." Naye Deolinda humjibu Lucindo huyo huyo, "Mwambie mteja wako mkate hautiwi kufuli. Kufuli huwekwa na mwenye kitu cha kuficha."

Lile neno la kuficha alilisema kwanza kwa kuchoma tu. Lakini neno likisemwa mara nyingi huota mizizi, na kufikia Juni alikuwa analiamini.

Mwezi huo ndio uliokuwa na mbio kubwa, za kutoka Ohio, zenye kombe. Kwa kanuni ya klabu, matokeo ya Ohio husomewa klabuni, kwa hiyo Horácio alilazimika kuileta laptop yake. Aliifungua kwenye meza ya kulia. Deolinda, aliyekuwa amevunja kufuli la toleo la mwisho siku chache tu nyuma, akawasha mashine ya klabu kwenye meza ya kushoto. Saa zilipita meza moja, zikapita ya pili. Lucindo akachukua karatasi mbili kutoka printa mbili, akazilinganisha, na uso wake ukabadilika.

"Hazifanani," akasema.

Karatasi ya Horácio ilimweka Horácio wa kwanza. Ya Deolinda ilimweka Gil Botelho, mwashi, wa kwanza, na Horácio wa nne.

"Mashine yake ni mbovu," Horácio akasema.

"Programu ni ile ile," akajibu Deolinda, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Umeiandika wewe, umeileta wewe. Kilichobadilika ni nyumba tu. Nyumbani kwako inakupa ushindi, ikitoka nje inasema kweli. Na sasa tunajua kwa nini uliitia kufuli."

Gil Botelho akasimama taratibu. Alikuwa mtu mpole, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Miaka yote hii," akasema, "nimevua viatu kwako."

"Gil, sikiliza, hesabu yake ina..."

"Nimevua viatu kwako, Horácio."

Horácio akafunga laptop. Alijaribu kuiingiza kwenye mkoba upande usio wake, Deolinda akamwona, na alifurahi. Alifurahi mpaka akaona aibu kidogo, kisha aibu ikapita.

Wiki hiyo mji mzima wa watu wa njiwa ulimgeukia Horácio. Mkewe Fernanda alinunua kabichi sokoni akahudumiwa bila neno. Mtu asiyejulikana alimwaga gunia la mavi ya njiwa mbele ya geti lao. Lucindo aliitisha mkutano wa Ijumaa kuamua kama Horácio afukuzwe, na akamwomba Deolinda alete ushahidi uliokamilika, ili isije ikasemwa ni fitina ya familia.

Jumatano mchana Deolinda alikaa mezani kwake na kikokotoo. Alitaka kumpigilia msumari. Alichukua orodha ya umbali ambayo Horácio mwenyewe aliigawa kwa wanachama, akaanza na njiwa wake, jike la kijivu lililoshika nafasi ya katikati tu. Akagawa umbali kwa muda. Jibu halikulingana na la mashine yake. Akarudia, akidhani kidole kimeteleza. Likaja lile lile. Akalitazama kwenye karatasi ya Horácio, na likawa sawasawa na la Horácio.

Akafanya la Gil. Hilo likalingana na karatasi zote mbili. Akafanya la Horácio mwenyewe, na likalingana na karatasi ya Horácio tu.

Akaifungua programu, akaenda kwenye ukurasa wa mabanda. Umbali wote uliokuwa kwenye skrini ulikuwa wa maili kamili. Visehemu vyote vimepotea. Alipotazama faili lenyewe aliviona, na akaona kilichovitenga: alama ya mkato. Horácio alizaliwa visiwani Azores, na laptop yake aliipangia desturi ya huko, ambako namba kamili na sehemu zake hutenganishwa kwa mkato. Mashine ya klabu Deolinda aliipangia desturi ya Amerika, ya nukta. Programu ilipomuuliza mkalimani hapa tunatumia nini, mkalimani alijibu nukta, kwa uaminifu kabisa. Kwa hiyo kila ilipofika kwenye mkato iliona kitu isichokijua, ikasimama na kutupa kilichobaki. Banda la Horácio lilikuwa na karibu maili nzima baada ya mkato. La Gil halikuwa na kitu. Alikuwa amemnyang'anya mtu maili moja, kisha akamwita mwizi.

Akaenda bandani kuwalisha njiwa, ingawa walikuwa wameshakula. Alikaa juu ya ndoo. Hakuna ambaye angejua. Wale wanaume hawakuweza hata kuibadilisha printa wino; Ijumaa angefika na karatasi yake, Horácio angebwabwaja kuhusu mashine mbovu, wangempigia kura, aende zake. Aliiwaza picha hiyo kwa muda, akaionja, na ilikuwa tamu. Alimkumbuka Horácio na matenga yake, Horácio akimwambia subiri kidogo. Hakumwonea huruma wakati huo, wala baadaye.

Lakini hakuweza kuivumilia ile mashine. Ndiyo hiyo iliyomkera kama mchanga jichoni. Alikuwa amejisifu mbele ya watu kwamba programu yoyote anaweza kuiendesha popote, na kumbe ameiendesha ikasema uongo, na uongo huo umechapishwa na kubandikwa ukutani. Aliporudi ndani, akamwagiza mkalimani ajibu mkato. Akachapa upya. Horácio Furtado, wa kwanza. Aliikunja karatasi kwa hasira hata ikachanika pembeni.

Ijumaa klabu ilijaa. Horácio alikaa peke yake, suti amevaa, kama mtu aliyekuja kuhukumiwa. Lucindo akampa Deolinda nafasi.

"Mashine ya klabu ilikosea," akasema. "Niliipanga kwa nukta, faili lake lina mikato. Ilitupa visehemu vya maili. Nimeirekebisha, na matokeo sasa ni kama ya laptop yake. Ameshinda Ohio. Hakuiba."

Horácio akainua kichwa.

"Sema tena."

"Umesikia."

"Gil yuko nyuma kule, masikio yake si mazuri. Sema tena, shemeji, kwa sauti."

Akasema tena, kwa sauti. Kisha, kabla hajakaa, akaongeza, "Na niseme hili pia. Programu inayosoma mkato bila kukagua ni programu ya kijinga. Ungeiweka kwenye Windows yoyote ya Mmarekani, ingekosea vile vile. Ungekuwa umepekua mikato yako kama ulivyonipekua mimi, tusingefika hapa."

"Unaomba radhi au unatukana?"

"Nimesema hukuiba. Radhi sina."

"Mke wangu amemwagiwa mavi getini."

"Sikuyamwaga mimi."

"Uliwapa gunia."

Gil Botelho alijikokota mpaka mbele, akampa Horácio mkono, na Horácio akautazama muda mrefu kabla ya kuushika. Halafu wakaanza tena, Horácio akisema mtu anayevunja kufuli asilalamike mlango ukimwangukia, Deolinda akisema kufuli lenyewe lilikuwa tusi, mpaka Lucindo akapiga meza kwa kiganja.

"Inatosha," akasema. "Mimi naamka alfajiri kukanda unga. Nimechoka na ninyi wawili. Tumechoka wote."

Akatoa pendekezo ambalo, ilionekana, alikuwa ameshalizungumza na wenzake: iko kampuni ya ng'ambo inayosoma saa za njiwa kupitia simu, unachomeka nyumbani kwako, matokeo yanakuja yenyewe. Hakuna jikoni, hakuna mashine ya klabu, hakuna Windows wala Linux. Wanaounga mkono wanyooshe mikono. Ikawa msitu wa mikono. Wanaopinga.

Mikono miwili. Mmoja wa Horácio, mmoja wa Deolinda. Walitazamana, kila mmoja akautazama mkono wa mwenzake kama kitu kilichookotwa, na Horácio akawa wa kwanza kuushusha wake.

Nje, kwenye maegesho, Horácio alimngojea Deolinda karibu na gari lake.

"Umefurahi?" akamuuliza. "Nimeifanyia kazi programu ile tangu nina nywele. Umeiua."

"Niliifundisha kuishi mahali pengine. Wewe ndiye uliyetaka ifie jikoni kwako."

"Ndugu yangu alikuwa na haki ya kukimbia."

"Na wewe ungemfuata. Njiwa wangu wangebaki kwangu bila matenga yako."

Horácio akaingia garini, akaondoka kwa kasi isiyolingana na umri wake.

Deolinda hakupatana naye, wala hakujaribu. Kiwanda cha mapazia kilifungwa mwaka uliofuata. Akastaafu mapema, akaongeza banda. Klabu ilipotaka kuitupa ile kompyuta aliichukua nyumbani. Jumapili za mbio, simu ikishaleta matokeo ya kampuni, yeye huiwasha, huchomeka saa yake, na programu ya shemeji hufunguka mbele yake, mikato mahali pake. Hulinganisha. Mpaka sasa hazijatofautiana. Siku zitakapotofautiana, anajua atakayemwamini, ingawa mbele ya watu asingelitamka jina lake.